Nondo ya meli au nondo ya vyuma chakavu: nani ana mzigo mdogo?

Swali la msomaji: Mimi ni mkadiriaji majenzi, Dodoma. Tunajenga ofisi ya ghorofa nne na mahitaji ya nondo ni tani 180. Benki inayotukopesha inataka tuonyeshe chuma chetu kimebeba hewa ukaa kiasi gani. Nimepata ofa mbili. Ya kwanza ni nondo ya mawe ya chuma kutoka Asia ya Mashariki, ina tamko la mazingira lililokaguliwa (hati ya kurasa nyingi inayoeleza mzigo wa bidhaa), na muuzaji ameandika kilo 1,100 za hewa ukaa kwa kila tani. Ya pili ni ya kiwanda cha Pwani kinachoyeyusha vyuma chakavu. Hawana tamko lolote, mwenye kiwanda kaniandikia kwa mkono tu, "kilo 315". Bosi wangu anasema tuchukue yenye karatasi. Nani mkweli? Na je, mradi wa chuma wa Liganga ukianza kuzalisha, hesabu itageuka?

Jibu:

Ndugu mkadiriaji, hakuna aliyekudanganya. Kila mmoja amepima kipande cha safari kinachompendeza. Wa kwanza amepima mpaka mbele kuliko inavyostahili, wa pili ameanza kupima katikati ya njia. Ukiziweka namba zao kwenye jedwali moja ni kama kulinganisha nauli ya Dar hadi Morogoro na ya Morogoro hadi Dodoma, kisha useme basi fulani ni rahisi.

Nianze na ile 1,100, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonishtua. Nondo iliyotoka kwenye mawe ya chuma kwa njia ya kawaida haiwezi kuwa na kilo 1,100. Kupata tani moja ya chuma kwa njia hiyo unahitaji karibu tani 1.4 za mawe ya chuma, makaa ya mawe yanayokaribia kilo 800, mawe ya chokaa karibu kilo 300, na vyuma chakavu kidogo. Makaa hayo kwanza huokwa bila hewa mpaka yawe koki, ndipo yanaingia kwenye tanuru refu pamoja na mawe. Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanadhani makaa yale ni kuni tu. Mawe ya chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni, yaani ndugu wa kutu unayoijua. Kaboni ya makaa ndiyo inayoing'oa oksijeni hiyo na kuondoka nayo kama hewa ukaa. Kwa hiyo hata ukipata moto wa bure, hewa ukaa itatoka tu, kwa kuwa ni sehemu ya kazi yenyewe. Ndiyo maana wastani wa dunia kwa njia hii ni takriban tani 2.3 za hewa ukaa kwa tani ya chuma, wakati vyuma chakavu vikiyeyushwa kwa umeme wastani ni kama tani 0.7. Ukichanganya njia zote unapata karibu 1.9. Zidisha kwa takriban tani bilioni 1.9 zinazozalishwa duniani kila mwaka, utaelewa kwa nini viwanda vya chuma vinabeba asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Sasa fungua lile tamko, uende kwenye jedwali kubwa. Utaona safu zenye herufi. A1 hadi A3 ni kuchimba, kusafirisha malighafi na kuzalisha mpaka mlango wa kiwanda. A4 na A5 ni safari ya kuja kwako na kazi ya kufunga nondo. B ni miaka ya jengo kutumika, na kwa nondo iliyofukiwa kwenye zege hapo karibu hamna kitu. C ni kubomoa na kutupa. Halafu pembeni kabisa ipo D. Nina hakika utakuta A1 hadi A3 ni kama 2,200, na D ni kama 1,100 yenye alama ya kutoa mbele yake. Muuzaji amezijumlisha.

D ni nini? Ni faida inayotarajiwa siku jengo lako litakapobomolewa, nondo zikaokotwa, zikayeyushwa, na mtu mwingine asilazimike kutengeneza chuma kipya. Ni jambo la kweli na lina hesabu zake. Lakini litatokea miaka 50 au 60 ijayo, litafanywa na mtu ambaye pengine hajazaliwa, na faida ni ya jengo lake, si lako. Mama lishe akipunguza mkaa wa leo kwenye daftari lake kwa kuwa kiporo cha kesho kitapashwa tu, utamwambia nini? Kiwango cha Ulaya EN 15804, ambacho matamko mengi ya bidhaa za ujenzi hukifuata, kinataka D iandikwe kivyake kwa sababu hiyohiyo: ipo nje ya mipaka ya jengo. Aliyekagua tamko amefanya kazi yake sawasawa. Aliyefanya ujanja ni mwandishi wa ofa.

Kwa hiyo nondo ya kwanza, mlangoni mwa kiwanda, ni 2,200. Ongeza safari. Kwa meli kubwa ya mizigo nachukua gramu 10 kwa kila tani kwa kilomita, nayo kutoka bandari za mashariki ya China hadi Dar ni takriban kilomita 11,000: kilo 110. Kisha lori hadi Dodoma, kilomita 450 kwa gramu 100: kilo 45. Tazama ulinganifu huo vizuri. Bahari nzima ya Hindi na ushee imegharimu kilo 110, na kipande cha barabara kuu peke yake 45. Mwenzako wa Kampala anayeshushia Mombasa, lori lake linatoa hewa ukaa sawa na meli yote. Watu hupenda kusema "imetoka mbali, kwa hiyo ni chafu", lakini kwenye chuma, umbali ni chumvi ya mchuzi. Nyama iko kwenye tanuru. Jumla ya nondo ya kwanza: 2,355.

Twende Pwani.

Sijui ni kiwanda kipi na sihitaji kujua, maana vya aina hiyo nimeingia kadhaa na vinafanana. Getini kuna mizani ya malori. Ndani kuna mlima: fremu za baiskeli, rimu, springi za malori, mabati yaliyooza, milango ya magari yaliyokuja mitumba kutoka Japani, makopo, friji zilizotumbuliwa. Vijana wanachambua kwa mikono, wakitafuta hasa shaba, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bei. Ya pili ni kwamba shaba ikishaingia kwenye chuma kilichoyeyuka haitoki tena, na ikizidi, chuma hupasuka kinapopitishwa kwenye rola kikiwa cha moto. Kutoka kwenye mlima huo vyuma vinaingia kwenye tanuru la umeme la induksheni, vinayeyuka karibu nyuzi 1,500 na zaidi, vinamiminwa kuwa vipande vinene vya mraba, kisha hupashwa moto tena kwa mafuta mazito na kuviringishwa mpaka viwe nondo.

Namba ya 315 nimeijaribu kuitengeneza upya, na nadhani najua ilikotoka. Kuyeyusha kunakula kama uniti 600 za umeme kwa tani, kuviringisha uniti 100. Jumla 700. Ukichukua gramu 300 za hewa ukaa kwa uniti, unapata kilo 210. Mafuta mazito lita 35, kila lita karibu kilo 3: kilo 105. Jumla 315 kamili. Mwenye kiwanda amechukua bili yake ya umeme na risiti za mafuta, basi. Ni hesabu ya uaminifu, lakini imeanzia getini kwake na kuishia humohumo.

Amesahau viungo. Chuma chakavu kilichoyeyushwa huongezewa manganizi na silikoni ili nondo iwe na nguvu, nayo madini hayo yametengenezwa kwenye tanuru jingine lenye njaa kubwa ya umeme na koki. Kilo 12 za viungo, kwa kadirio la kilo 5 za hewa ukaa kwa kila kilo, ni 60. Amesahau malori yaliyokusanya vyuma kutoka mikoani: tani 1.1 za chakavu kwa kila tani ya nondo, wastani wa kilomita 400, ni kama 45. Chokaa, matofali ya kulinda tanuru na vikorokoro vingine nampa 30. Tunafika 450. Lori la kukuletea Dodoma 45 tena. Jumla 495.

Hizi gramu na lita ni makadirio yangu ya kazi, na namba inayotikisika kuliko zote ni ile ya umeme. Umeme wote ukitoka kwenye mitambo ya gesi asilia, weka gramu 500 kwa uniti, na mzigo unapanda kwa kilo 140. Ukitoka kwenye maji, unashuka kwa kilo 200 hivi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, limebadilisha kabisa hesabu ya kila kitu kinachoyeyushwa kwa umeme nchini, hivyo muulize mwenye kiwanda ametumia kiwango cha umeme cha mwaka gani. Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye karatasi. Siku moja nilikuwa kwenye kiwanda umeme ukakatika tanuru likiwa limejaa. Chuma kilianza kuganda juu kama ugali uliosahaulika, na kazi ya saa nzima ikalazimika kurudiwa baada ya kuhangaika na ile kofia ngumu. Uniti 600 zinageuka 900 bila mtu kuandika popote. Ndiyo maana sitaki namba ya siku moja nzuri. Nataka bili za miezi 12 zigawanywe kwa tani zilizouzwa miezi hiyohiyo.

Tofauti basi ni 1,860 kwa tani. Kwa tani 180 ni karibu tani 335 za hewa ukaa. Kwa kipimo cha benki yako, nondo ya Pwani imeshinda, tena kwa mbali.

Lakini sitaki uondoke ukidhani mambo ni mepesi hivyo, maana kuna hoja muuzaji wa kwanza anaweza kukurushia, nayo ni nzito. Atasema: vyuma chakavu vya dunia vina kikomo. Ukinunua nondo ya chakavu, mwingine atakosa chakavu hicho na kulazimika kutengeneza chuma kipya. Ule mlango wa gari la Japani ulizaliwa kwenye tanuru refu. Nani amelipa mzigo wake? Wataalamu wa tathmini ya mzunguko wa maisha, yaani hesabu ya mzigo wa bidhaa tangu mgodini hadi kutupwa, wamegombana juu ya hili kwa miaka mingi. Upande mmoja unasema aliyetumia chakavu apate faida leo. Upande wa pili unasema faida aipewe anayerudisha chakavu mwisho wa safari. Chama cha wazalishaji wa chuma duniani kinapendelea wa pili, na si ajabu, kwa kuwa wanachama wake wengi wana matanuru marefu.

Tuwafuate, tuone. Kwa njia yao unahesabu chakavu kinachobaki baada ya kutoa kilichoingia. Nondo ya kwanza iliingiza tani 0.12 na itarudisha, tuseme, 0.9. Imeongeza 0.78. Kila tani ya chakavu ikiokoa kilo 1,400, ni kama 1,100, na hapo ndipo D ya muuzaji ilipotoka. Nondo ya pili iliingiza 1.1 na itarudisha 0.9 ileile. Imepunguza 0.2, kwa hiyo inaongezewa mzigo wa 280. Ukijumlisha bila safari: 1,100 dhidi ya 730. Nondo ya chakavu bado iko mbele, ila pengo la 1,750 limebaki 370. Ukimkubalia mmoja D, mpe na mwenzake. Usichokubali ni mmoja kuvaa D na mwingine kuachwa bila.

Na hilo 0.9 lenyewe lina maswali. Nondo za msingi hubaki ardhini. Za juu, kwetu hapa, mara nyingi hazirudi tanurini kabisa: umewaona vijana wanaovunja zege kwa nyundo, wanachomoa nondo, wanazinyoosha juu ya jiwe na kuziuza kwa mafundi wa vibanda na mageti. Hapo hakuna kuyeyusha, hakuna umeme, hewa ukaa yake karibu na sifuri. Matamko ya Ulaya hayana safu ya kijana mwenye nyundo. (Kwa nguzo za ghorofa nne usizitumie, tafadhali.)

Kuna jambo ambalo kwako kama mkadiriaji ni kubwa kuliko haya yote, nalo ni kipimo cha kulinganishia. Viwango vya ISO 14040 na 14044 vya mwaka 2006, ambavyo ndivyo mama wa tathmini hizi, vinakutaka kwanza useme kazi inayofanywa, ndipo upime. Benki imeuliza kwa tani, lakini jengo halisimami kwa tani, linasimama kwa nguvu. Kama nondo moja ni ya daraja la nguvu la 500 na nyingine la 460, mhandisi akiruhusu, tani 180 za 460 zinaweza kuwa kama tani 166 za 500 pale ambapo nguvu ndiyo inayoamua. Asilimia 8 imepotea bila tanuru kuguswa.

Halafu pima. Nondo ya milimita 12 inatakiwa iwe na kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo ya mita 12 ni kilo 10.66. Chukua tano bila kuchagua, ziweke kwenye mizani ya dukani. Ukikuta kilo 9 kwa nondo, umeuziwa milimita 11 yenye jina la 12, na mahesabu yangu yote hapo juu unaweza kufungia vitumbua. Tanuru la induksheni linayeyusha lakini halisafishi sana. Fosforasi na salfa iliyoingia na chakavu kwa kiasi kikubwa hubaki. Kwa hiyo majibu ya maabara ya kuvuta na kukunja ni sehemu ya hesabu ya mazingira. Nondo inayokataliwa kwenye eneo la ujenzi imechoma umeme wake bure.

Benki imeuliza hewa ukaa tu, na hapo naona imejirahisishia. Mabati yaliyopakwa zinki yakiingia tanurini, zinki huchemka kwenye nyuzi 907, muda mrefu kabla chuma hakijayeyuka, na kutoka kama moshi mweupe. Ndani yake huwa na risasi na kadimi pia. Kiwanda chenye mifuko ya kuchujia vumbi inayofanya kazi kinaukusanya, kisicho nayo kinawagawia majirani. Kwenye jedwali la tathmini, gramu ya vumbi iliyotoka katikati ya makazi na iliyotoka jangwani huandikwa sawa. Kwa upande wa pili, tamko la nondo ya meli halisemi lolote kuhusu mabwawa ya tope ya migodi ya chuma, kwa kuwa tathmini hizi hupima siku za kawaida, si ajali. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la mgodi wa chuma lilipasuka huko Brumadinho, Brazili, na watu 270 wakafa. Huwezi kuliona kwenye safu A1. Methani inayovuja migodini kwenye makaa ya koki nayo huhesabiwa kwa makadirio, na kwa miaka 100 kilo moja ya methani ina joto la karibu kilo 30 za hewa ukaa.

Kwa hiyo muombe mwenye kiwanda cheti chake cha tathmini ya athari kwa mazingira, kile kinachotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na ripoti za ukaguzi wa vumbi. Usichanganye hiyo na tathmini ya mzunguko wa maisha. Ya kwanza inauliza kiwanda kinawafanyia nini wanaokizunguka. Ya pili inauliza bidhaa imeacha nini njia nzima. Unahitaji zote mbili.

Liganga sasa. Mawe yapo, Ludewa, na makaa ya Mchuchuma yapo jirani. Kwa uchumi ni hadithi nyingine, lakini kwa hewa ukaa, chuma cha Liganga kikiyeyushwa kwa makaa ya Mchuchuma kitakuwa kwenye tani 2 na zaidi kama cha China, kikiwa kimeokoa zile kilo 110 za meli tu. Kinachofanya hesabu yake ivutie ni kwamba mawe yale yana vanadi na titani ndani, metali nyingine mbili. Tanuru moja likitoa bidhaa tatu, mzigo unagawanywa vipi: kwa uzito, au kwa bei? Kwa uzito chuma kitabeba karibu wote, kwa bei vanadi itachukua kipande kikubwa. Ni swali lilelile la mavi ya chuma, yale mabaki ya tanuru yanayouzwa viwanda vya saruji, ambapo kila tani ya tanuru refu hutoa kilo 300 hadi 400 za mavi hayo na wazalishaji hujipunguzia mzigo kwa saruji waliyoiokoa. Wahaya waliofua chuma Kagera kwa makaa ya miti kabla hata ya meli za Wareno hawakuwa na mnunuzi wa saruji. Mavi yao bado yanaokotwa migombani. Njia ya kuondoa makaa kabisa ipo: Uswidi, mradi wa HYBRIT ulitumia hidrojeni badala ya koki na kutoa chuma cha kwanza cha namna hiyo mwaka 2021. Hidrojeni hiyo inataka umeme mwingi mno, karibu mara tano ya ule wa kuyeyusha chakavu. Usiisubiri kwa jengo hili.

Kwenye jedwali la benki weka safu nne kwa kila ofa: mlangoni mwa kiwanda, safari, jumla ya hizo mbili, na D peke yake bila kuijumlisha. Andika 2,200, 155, 2,355 na −1,100 kwa ya kwanza. Kwa ya pili andika 450, 45, 495 na +280, na chini yake sema wazi kwamba ni makadirio mpaka bili za umeme, risiti za mafuta na tani zilizouzwa za mwaka mzima zifike. Kiwanda kikikataa kuzitoa, tumia 700, ule wastani wa dunia wa chuma cha chakavu, ili kukosa karatasi kusiwe faida kwake. Hata kwa 700, bosi wako bado atakuwa amechagua nondo yenye mzigo mara tatu kwa sababu tu ina kurasa nyingi.